Barua ya Wazi kwa Wanaosaini Ununuzi wa Seva

Kwenu Waheshimiwa Maofisa Masuuli, Wakurugenzi wa Hospitali, Wakuu wa Vyuo, Wajumbe wa Bodi za Zabuni na ndugu zetu wa Vitengo vya Usimamizi wa Ununuzi,



YAH: KUHAMISHA MASHINE PEPE KWENDA KWENYE SEVA MPYA



Mimi ni msimamizi wa mifumo. Ni mmoja wa wale mnaowapigia simu usiku dirisha la mapokezi likikwama, na mnaowauliza asubuhi kwa nini mfumo umelala ilhali seva mpya imefika juzi na bado ina nailoni. Naandika hadharani kwa kuwa madokezo sabili tumeyaandika hadi tumechoka. Yanarudi na maneno yaleyale: imepokelewa, isubiri bajeti. Bajeti inakuja, seva inanunuliwa, na jambo tulilolisema linaachwa nje tena.

Kwa msiozoea kuingia chumba cha seva, jambo lenyewe ni hili. Seva moja ya chuma siku hizi haibebi mfumo mmoja. Juu yake inakaa programu iitwayo haipavaiza, nayo inaigawa seva hiyo kuwa mashine pepe nyingi: ya mfumo wa wagonjwa, ya uhasibu, ya matokeo ya wanafunzi, ya barua pepe, ya mahudhurio. Kila moja ina mfumo endeshi wake, diski yake na anwani yake ya mtandao, na inafanya kazi kana kwamba iko peke yake. Chuma kikichakaa, zote hizo zinapaswa kuhamia chuma kipya bila kupotea hata risiti moja.

Ujuzi wa kuhama si mgeni. VMware, kampuni ya California, ilileta vMotion mwaka 2003, na kwa njia hiyo mashine pepe inahama kutoka seva hadi seva ikiwa kazini. Mwaka 2005 watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Copenhagen walieleza walivyolifanya jambo hilo kwa haipavaiza ya Xen. Kumbukumbu ya mashine inanakiliwa huku mashine ikiendelea na kazi. Kisha kurasa za kumbukumbu zilizobadilika wakati wa kunakili zinanakiliwa tena, duru baada ya duru, mpaka kinachobaki ni kidogo. Hapo ndipo mashine inasimama kitambo na kuamkia upande wa pili. Walihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 wachezaji wakiwa ndani yake, na muda wa kusimama ulikuwa milisekunde 60.

Milisekunde 60, zaidi ya miaka 20 iliyopita. Basi kwa nini leo hospitali inarudi kwenye madaftari siku mbili nzima kwa sababu "tunahamia seva mpya"? Jibu haliko kwenye kompyuta. Liko kwenye makaratasi mnayosaini. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnanunua chuma, kuhama hamkununui.

Chukueni zabuni ya seva mliyoitangaza mara ya mwisho muisome upya. Mtakuta idadi ya prosesa, ukubwa wa rami, aina ya diski, miaka ya dhamana na mahali pa kufikishia mzigo. Mstari wa kuhamisha mashine zilizopo haupo, au umejificha ndani ya maneno "kufunga na kuwasha". Mzabuni hana kosa. Analeta seva, anaifunga kwenye raki, anaiwasha, taa ya kijani inawaka, kamati ya ukaguzi na mapokezi inasaini, naye anakwenda kudai malipo yake. Tangu saa hiyo kuhama kunageuka kazi ya ndani isiyo na fungu, isiyo na ratiba na isiyo na mtu aliyeagizwa kwa maandishi.

Kalenda inazidi kuliharibu jambo. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na hakuna anayetaka kuulizwa kwa nini fedha imebaki. Kwa hiyo seva zinafika dakika za mwisho, wakati uhasibu unafunga hesabu na vyuo vinaelekea mitihani ya mwisho wa muhula. Ni kipindi kibaya kuliko vyote cha kugusa mifumo. Matokeo yake ni mawili: ama seva mpya inakaa miezi bila kubeba chochote huku dhamana yake ikihesabika, ama tunaambiwa tuhamie wiki hiyohiyo ili picha ya makabidhiano ipigwe.

2. Vigezo vya seva vinaandikwa bila kutazama kilichopo.

Mashine pepe inapowaka husoma uwezo wa prosesa iliyo chini yake na kuutegemea mpaka izimwe. Ndiyo maana huwezi kuihamisha ikiwa kazini kutoka prosesa ya Intel kwenda ya AMD, wala kinyume chake. Itabidi izimwe kwanza. Hata ndani ya Intel peke yake, mashine iliyowashwa juu ya prosesa mpya haitakubali kurudi ikiwa kazini kwenye prosesa ya zamani, isipokuwa msimamizi awe ameficha mapema uwezo uliozidi. Silaumu AMD, seva zake ni nzuri. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo unafanywa na mtu anayelinganisha bei peke yake, na anayekuja kuulipa ni mgonjwa aliye kwenye foleni.

Kuna pia suala la matoleo ya haipavaiza. VMware vSphere 6.7, ambayo bado naikuta kwenye vyumba vya seva, iliacha kupata huduma ya kawaida ya mtengenezaji tarehe 15 Oktoba 2022. Toleo la 7 likafuata tarehe 2 Oktoba 2025. Seva mpya kabisa haitambuliwi na matoleo ya zamani. Nayo matoleo mapya yameacha kuzitambua kadi nyingi za seva za zamani, kwa sababu toleo la 7, lililotoka mwaka 2020, liliziondoa draiva za kale zilizokuwa zikiziendesha. Ukiacha miaka ikapita bila kusasisha, siku ya kuhama unakuta daraja la katikati halipo. Inabidi uruke, na kuruka kunahitaji mpango.

3. Leseni zinakumbukwa baada ya prosesa kuchaguliwa.

Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware. Mwezi uliofuata ikatangaza kwamba haiuzi tena leseni za kudumu. Sasa ni malipo ya kila kipindi, yanayohesabiwa kwa viini vya prosesa, na kila prosesa huhesabiwa viini visivyopungua 16 hata kama ina 8. Microsoft nayo tangu Windows Server 2016 inahesabu viini: visivyopungua 16 kwa kila seva, na leseni ya kawaida ya Standard inaruhusu mashine pepe mbili tu. Ukitaka mbili nyingine, viini vyote vya seva vinalipiwa tena.

Sasa fanyeni hesabu. Seva yenye prosesa mbili za viini 32 ina viini 64. Yenye prosesa mbili za viini 16 ina 32. Ya kwanza inapendeza kwenye jedwali la kulinganisha zabuni, lakini kila mwaka inadai leseni maradufu, hata kama mashine zenu zote zingetosha vizuri kwenye ya pili. Hakuna anayelisema hilo kwenye kikao, kwa kuwa leseni iko kwenye fungu jingine, la mwaka mwingine, na pengine kwa mkurugenzi mwingine.

Mtauliza kama hakuna njia ya kukwepa gharama hizo. Ipo. Haipavaiza ya KVM iko ndani ya Linux tangu mwaka 2007, na Proxmox ya Vienna imejengwa juu yake. Zote mbili zinaweza kutumika bila kulipia leseni, na taasisi nyingi duniani zimeelekea huko baada ya mabadiliko ya Broadcom. Naziunga mkono kwa moyo wote. Lakini leseni ya bure haina maana ya kuhama bure. Ukibadili haipavaiza, umebadili pia vifaa ambavyo mashine pepe inaviona: kadi ya mtandao, kidhibiti cha diski, namna ya kuwaka. Hiyo ni kazi ya kiufundi inayohitaji siku, na siku hizo hazimo kwenye bajeti yenu.

4. Muda mnaotupa hautoshi kwa hesabu ya darasa la saba.

Zile milisekunde 60 zilipatikana kwa sababu diski haikuhama. Seva zote mbili zilikuwa zikitazama hifadhi moja ya pamoja, kikahama kilichomo kwenye kumbukumbu tu. Kwenye taasisi zetu nyingi hifadhi ya pamoja haipo. Diski zimo ndani ya seva ileile inayostaafu. Kwa hiyo tunahamisha kila kitu.

Mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde unapitisha, ukijitahidi kabisa, megabaiti 125 kwa sekunde. Terabaiti 10 kwa mwendo huo ni saa 22 na ushei, bila kitu kupotea njiani wala diski ya zamani kuchechemea. Nyinyi mnatupa dirisha la Jumamosi saa 4 usiku hadi Jumapili saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 8. Kwa kadi za gigabiti 10 pande zote mbili, mzigo huohuo ungepita kwa saa 2 na dakika kama 13 ikiwa diski zinaweza kwenda kasi hiyo. Kadi hizo na kebo yake ni sehemu ndogo ya bei ya seva, na hazimo kwenye zabuni kwa sababu hakuna aliyeuliza mzigo utapita wapi.

Diski za mashine pepe nazo zina mtego wao. Diski iliyotangazwa kuwa ya gigabaiti 500 huenda imetumia 80 tu, kwa kuwa nafasi huchukuliwa kadiri inavyohitajika. Ikinakiliwa kwa njia isiyofaa, inafika upande wa pili ikiwa na gigabaiti 500 kamili. Seva mpya iliyoonekana kubwa inajaa kabla ya nusu ya safari.

Njia ya kupunguza usiku huo ipo na inajulikana: unanakili mapema, mfumo ukiwa kazini, kisha usiku wenyewe unamalizia yaliyobadilika tu. Lakini njia hiyo inadai seva mbili ziwake pamoja siku kadhaa. Je, raki ina nafasi? UPS inabeba zote mbili? Kiyoyozi kinatosha? Jenereta likiwaka, linaziweza? Maswali haya huulizwa siku ya kufunga seva, wakati fundi umeme hayupo.

5. Bakapu mnazozitegemea hazijawahi kurudishwa.

Kabla ya kuhama tunaulizwa: bakapu ipo? Tunajibu ipo. Swali la pili halifuati: ilirudishwa lini mara ya mwisho, juu ya mashine gani, na ilichukua saa ngapi? Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini.

Mara nyingine kinachoitwa bakapu ni snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani. Snapshoti inaitegemea diski ileile ya msingi. Diski ikifa, vyote vimekufa. Ikiachwa miezi inavimba mpaka hifadhi inajaa na mashine inasimama. Na kabla ya kuhama inapaswa kuunganishwa na diski yake, kazi inayoweza kula saa ambazo hazikuhesabiwa. Kwingine bakapu ni ya kweli lakini imehifadhiwa ndani ya seva hiyohiyo inayotakiwa kuokolewa.

Seva mpya ikifika, kabla haijabeba kitu chochote, ndiyo nafasi bora mtakayopata ya kupima bakapu zenu. Zirudisheni humo muone kama zinawaka. Kila ninapopendekeza hivyo naambiwa tunachelewesha makabidhiano.

6. Mnaamini mfumo ukiwaka kazi imekwisha.

Kinacholaza mifumo baada ya kuhama mara nyingi ni kitu kidogo ambacho hakuna aliyekiandika mahali. Mashine ya Windows iliyotoka VMware kwenda KVM bila draiva za kidhibiti kipya cha diski inakupa skrini ya bluu, haiwaki. Iliyozoea kuwaka kwa njia ya kale ya BIOS haiwaki ukiiwekea njia mpya ya UEFI. Mashine ya Linux inaona kadi ya mtandao yenye jina jipya, na anwani ya IP iliyofungwa kwenye jina la zamani inabaki hewani. Windows nayo inaificha kadi ya zamani pamoja na anwani yake, kisha kadi mpya inajitafutia anwani nyingine. Saa ya seva mpya ikipishana na ya wengine kwa zaidi ya dakika 5, watumishi wanaweza kukataliwa kuingia kwenye kompyuta zao, kwa kuwa mfumo wa Kerberos unaowatambua haukubali tofauti hiyo kwa mpangilio wake wa kawaida. Programu ya uhasibu iliyofungwa kwa namba ya kadi ya mtandao inasema leseni si halali. Na kile kidude cha USB kinachobeba leseni, kilichochomekwa nyuma ya seva ya zamani na mtu aliyekwishahama kituo, kinakumbukwa Jumatatu saa 3 asubuhi.

Zaidi ya hapo, mifumo yenu haiishi peke yake. Inazungumza na mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ili kontroo namba zitoke. Hospitali zinazungumza na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Vyuo vinazungumza na benki. Mara nyingi upande wa pili umeiruhusu anwani moja tu ya IP. Mashine inaweza kuwaka vizuri, ninyi mkapongezana, kumbe hakuna hata mwananchi mmoja anayeweza kulipa. Fundi hawezi kuligundua hilo akiwa peke yake usiku wa manane. Anayeligundua ni mhasibu, mfamasia au msajili, na hao hakuna aliyewaita.

7. Seva ya zamani mnaing'oa mapema mno, na diski zake mnaziuza na siri za watu.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Seva ya zamani ndiyo njia yenu ya kurudi ikiwa jambo limeharibika. Lakini nafasi inatakiwa, mnada umepangwa, na wiki hiyohiyo seva iko uani.

Kosa la upande wa pili nalo nimeliona, katika taasisi ambayo sitaitaja. Seva ya zamani iliachwa kwenye mtandao, na mashine zake zilikuwa zimepangwa kujiwasha zenyewe. Umeme ulikatika, ukarudi. Zikaamka nakala mbili za mfumo mmoja zenye anwani moja. Baadhi ya madirisha yakaandika kwenye nakala mpya, mengine kwenye ya zamani. Kuzipatanisha hifadhidata hizo mbili kulikuwa kazi ya mkono, risiti kwa risiti. Kuzuia hali hiyo kungechukua dakika chache za mtu aliyepewa orodha ya kufuata.

Kuhusu diski: kufuta mashine pepe hakufuti kilichoandikwa kwenye diski. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Diski yenye majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao ikinunuliwa mnadani, wa kujieleza ni nyinyi, si dalali.

Najua hoja mtakazonijibu nazo. Ya kwanza ni kwamba dawa ni kupeleka kila kitu kwenye wingu. Baadhi ya mifumo iende, sina ubishi. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidhoofika vibaya. Hospitali yenye mfumo wake ndani ya uzio wake iliweza kuendelea kusajili wagonjwa. Iliyoutegemea mfumo ulio ng'ambo ilikuwa hatarini kukwama. Tena kwenda winguni ni kuhama kulekule, kwa njia nyembamba zaidi. Terabaiti 10 zilizokuwa zikihitaji saa 22 ndani ya jengo, kwenye kiungo cha megabiti 100 kwa sekunde zitahitaji siku 9 na ushei.

Hoja ya pili ni kwamba fedha hakuna. Fedha ya kuhama mnailipa hata sasa. Mnailipa kwa siku za mapato yasiyokusanywa, kwa vipimo vinavyorudiwa kwa kuwa majibu hayaonekani, kwa mtaalamu anayeitwa kwa dharura na kutaja bei anayotaka. Tofauti ni kwamba gharama hiyo haina mstari kwenye bajeti, kwa hiyo mkaguzi haioni na nyinyi hamuulizwi.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, ninaomba haya:

(a) Kila zabuni ya seva iwe na kipengele cha kuhamisha mashine zilizopo, chenye bei yake, muda wake na jina la anayewajibika. Kama kazi itafanywa na watumishi wa ndani, waagizwe kwa barua na wapewe stahili za kazi ya usiku.

(b) Kabla vigezo havijaandikwa, kitengo cha TEHAMA kitoe orodha ya mashine pepe zote: kazi ya kila moja, mwenye nayo, mfumo endeshi, rami na diski inayotumika kweli, anwani zake, mifumo inayozungumza nayo na namna ilivyofungiwa leseni. Mashine isiyo na mwenyewe ijulikane hapo, isibebwe bure kwenda seva mpya.

(c) Bei ya seva ilinganishwe pamoja na leseni za miaka mitano. Thamani ya fedha inayosemwa kwenye ununuzi wa umma haiwezi kupimwa kwa risiti ya siku ya kwanza.

(d) Kadi za mtandao za kasi, kebo, nafasi ya raki na umeme wa kuwasha seva mbili kwa pamoja viingizwe kwenye vigezo tangu mwanzo.

(e) Yafanyike mazoezi. Ianze mashine isiyo na madhara ikilala, kisha nakala ya mfumo mkuu iwashwe ikiwa imetengwa na mtandao. Muda upimwe, na dirisha la usiku lipangwe kwa muda huo uliopimwa.

(f) Iandikwe mapema saa ya kukata shauri: ni nani anaamua kurudi nyuma, na mwisho ni saa ngapi. Watumishi wakishaanza kuandika kwenye mfumo mpya, kurudi kwenye wa zamani ni kupoteza walichoandika. Uamuzi ufanyike kabla dirisha la kwanza halijafunguliwa.

(g) Mhasibu, mfamasia, msajili na yeyote anayegusa mfumo wawepo siku ya kupima. Kila mmoja afanye kazi yake ya kawaida, kutoka kusajili mpaka kupokea malipo, na asaini kwa jina lake.

(h) Seva ya zamani ikae siku 30 ikiwa imetolewa kwenye mtandao na kuzuiwa kujiwasha. Baada ya hapo diski zake zifutwe kitaalamu au ziharibiwe, kwa hati, kabla ya mnada.

(i) Nywila, michoro na hatua zote zilizofuatwa zikabidhiwe taasisi kwa maandishi. Mkandarasi akiondoka asiondoke na funguo.

(j) Sehemu ya malipo ya mzabuni ibaki mikononi mwenu mpaka (g) ikamilike.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya wala mashine isiyokuwepo sokoni. Yote yanahitaji sahihi zenu, mapema. Maandalizi ya bajeti ijayo yatakapofika mezani kwenu na mkaona mstari wa "ununuzi wa seva", mwiteni msimamizi wenu wa mifumo mumuulize swali moja: mashine zilizopo zitahamaje? Akijibu kwa maandishi, lipieni jibu lake. Akikosa jibu, msitangaze zabuni.

Na hati ya mapokezi msiisaini kwa kuona taa ya kijani. Isainini siku mgonjwa atakaposajiliwa, kulipa na kupewa dawa kwa kutumia mashine zilizohamia. Kabla ya hapo seva haijapokelewa, imefikishwa tu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa mifumo,
Dar es Salaam.